Beberu wa sebuleni

Kobe hayumo.

Ilikuwa Ramadhani yake ya kwanza kwetu, saa kumi alfajiri. Mie niko jikoni napasha viazi vya jana kwa ajili ya daku, mwanangu kaja miguu mitupu, macho hayajafunguka vizuri: "Mama, Beberu hayumo." Nikaenda sebuleni. Taa ya tangi imezimwa, filta inaunguruma kama kawaida, mawe yapo, kigogo kipo, mwenyewe hayupo. Bomba la filta lilikuwa na alama za tope mpaka juu ya ukingo wa kioo. Bwana mkubwa kalipanda kama mkwezi na mnazi wake, akajidondosha zuliani, akaenda zake.

Tulitafuta chini ya kochi, nyuma ya mapazia, ndani ya viatu. Mwisho aliyempata ni pua. Nilisogeza friji kidogo tu, ikanijia harufu kama mpira unaoungua uliochanganywa na kwapa la utingo wa daladala saa tisa mchana. Kumbe yuko kule nyuma, kavaa vumbi na utando wa buibui, shingo nje, mdomo wazi, anamsubiri wa kumng'ata. Adhana ya kwenye simu ilitukuta tunamsuuza ndooni. Siku hiyo nilifunga kwa tende moja na nusu glasi ya maji.

Wauzaji wa hapa Uingereza humwita kobe wa miski. Sisi watu wa Unguja miski tunaijua, tunaipaka Ijumaa, tunafukizia nguo. Aliyempa kobe huyu jina hilo sidhani kama miski aliwahi kuinusa. Kwao Marekani watu wamesema kweli zaidi, wanamwita chungu cha uvundo. Kwenye vitabu ni Sternotherus odoratus, na hilo odoratus ni harufu hiyo hiyo kwa Kilatini. Ana vifuko vidogo chini ya ukingo wa gamba, akiogopa anavikamua. Mwanangu alipomshika siku ya kwanza akamwagiwa, akasema, "Mama, ananuka beberu!" Jina likamganda hapo hapo. Mume wangu akaongeza kwamba kwa kuwa katoka Marekani na amekuja kukaa kwa watu bila kulipa kodi, jina limemfaa mara mbili.

Sasa, kwa nini yeye. Wengi wananiuliza, hasa kina mama wenzangu wa huku East London ambao watoto wao wakitoka kwangu wanaanza kudai kobe. Nimechoka kueleza kwenye simu, nikaona niandike.

Ilianzia dukani. Kijana wangu alikuwa na miaka minane, kaona kwenye tangi la duka vitoto vya kobe vikubwa kidogo tu kuliko kizibo cha soda. Vya kijani, vina mistari kama vimechorwa kwa wino wa piko, vinapiga makasia kwa miguu minne. Hata mie moyo uliyeyuka. Nikamwuliza muuzaji, wakikua wanakuwa wakubwa kiasi gani? Akasema hawa hukua kwa kufuata ukubwa wa tangi, ukiwaweka kwenye dogo wanabaki wadogo. Nikamtazama. Nina watoto wawili na nimelala na wote kitanda kimoja, hakuna aliyeacha kukua kwa sababu ya kitanda.

Nikarudi nyumbani kusoma. Vile vitoto vilikuwa vya jamii ambayo jike lake hufika sentimita 30 za gamba, sawa na sinia la wali wa watu wawili. Ukimbana kwenye tangi dogo haachi kukua. Anaugua, gamba linapinda, maji yanakuwa choo. Wafugaji wana kipimo chao cha kukadiria, kama lita 40 za maji kwa kila inchi ya gamba. Piga hesabu ya inchi 12, unakaribia nusu tani ya maji. Mie nakaa ghorofa ya pili, sakafu ya mbao, na chini yangu anakaa bibi mmoja wa Kibengali ambaye hajanikosea kitu.

Ukitaka kuona mwisho wa vitoto vya namna ile, nenda siku ya jua kwenye mfereji wa Regent's Canal, au mabwawa ya Hampstead Heath. Mwanangu nilimpeleka Jumapili moja ya Mei. Juu ya gogo wamepangana kobe wakubwa kama sahani, wanaota jua, kila mmoja na alama nyekundu nyuma ya jicho. Hao si wa London wala si wa Ulaya, kwao ni bonde la mto Mississippi. Walinunuliwa wadogo, wakakua, wenye nyumba wakashindwa, wakaja kuwatupa usiku. Huishi miaka 20 mpaka 40, kwa hiyo wengine pale wamekaa London kunishinda. Tangu 2016 wamo kwenye orodha ya Ulaya ya viumbe wageni waharibifu, na hapa Uingereza kuwauza au kuwazalisha ni marufuku. Aliyekuwa naye kabla ya sheria anaruhusiwa kumtunza mpaka afe, basi. Kijana akauliza, "Sasa huyu anamjua aliyemleta?" Nikamnunulia aiskrimu.

Kwa hiyo nilianza kuchagua kwa kugeuza swali. Nilitafuta kobe ambaye akiwa *mtu mzima* ataenea kwangu. Jibu likaja moja, huyu wa miski. Mkubwa wao ana gamba la sentimita 8 mpaka 13, anaenea kiganjani. Si mrembo. Ni mweusi-kahawia kama jiwe la mtoni, gamba limeota mwani, pua imechongoka, kidevuni ana vindevu viwili vitatu vya nyama, na kila upande wa uso mistari miwili hafifu ya njano. Wala si muogeleaji hodari; anatembea chini, kwenye sakafu ya maji, kama mzee anayetafuta miwani yake. Ukimtaka wa kumchezea, hapa hapana. Shingo yake ni ndefu kuliko unavyodhani, anaifikisha mpaka karibu na miguu ya nyuma, na akikung'ata utamkumbuka. Shika gamba kwa nyuma kabisa, au afadhali usimshike.

Tena sikumtaka mtoto. Kuna vituo vinavyopokea kobe walioshindikana. Nilikokwenda mie kulikuwa na mabeseni na mabafu yamejipanga bustanini, karibu yote yamejaa wale wa alama nyekundu. Wa miski walikuwa wawili tu. Mmoja jike, mmoja dume la kama miaka sita aliyeachwa na mwanafunzi aliyemaliza chuo. Nikachukua dume. Dume linajulikana kwa mkia mnene mrefu wenye ncha ngumu. Mkia wa jike ni kikonyo. Jike linaweza kutaga hata bila dume, na likikosa mchanga wa kuchimba mayai yanaweza kukwama tumboni, nayo ni safari ya daktari wa wanyama wa ajabu-ajabu, ambaye bei yake pia ni ya ajabu-ajabu.

Kabla ya kumleta ilibidi nimwambie mama Zanzibar. Hapo nilifanya kosa la lugha. Nikasema, "Mama, tunaleta kobe wa majini." Kimya. Halafu: "Wa majini au wa maji?" Ikanichukua dakika nzima kuapa kwamba hakuna jini, ni kobe anayekaa ndani ya maji. Akasema, "Basi huyo ni kasa." Si kasa, mama, kasa wa bahari ana makasia, huyu ana kucha na vidole. Lakini nilielewa hofu yake. Mama ni mzaliwa wa Pemba. Machi 2024 pale Kisiwa Panza watu tisa walifariki, wanane wao watoto, kwa kula nyama ya kasa iliyokuwa na sumu. Kwa watu wa kule kasa si picha ya watalii. Nikamwambia huyu haliwi, mama, huyu analishwa. Akashusha pumzi: "Haya, ila mikono mkoshe."

Na wallahi mama bila kusoma popote aligusa penyewe. Kobe wa maji, hata mzima kabisa, anaweza kubeba vijidudu vya salmonela tumboni, nayo inaingia kwenye maji yake. Marekani tangu 1975 ni marufuku kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi nne, kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia vitoto vya kobe mdomoni na kuumwa. Kwangu ana ndoo yake, nyekundu, haifanyi kazi nyingine. Maji yake yanamwagwa chooni, hayapiti sinki la jikoni hata siku moja. Mdogo wangu akija na mwanawe anayetambaa, sebule inafungwa, tunakaa chumbani. Wataalamu wa afya wanashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe na kobe kabisa. Mimi ningekuwa na mdogo wa umri huo ningesubiri.

Tangi nimenunua kwa mtu, la mkono wa pili, pauni 40, urefu sentimita 90 kwa 45. Maji najaza kimo cha sentimita 25, inatoka kama lita 100. Siku ya kwanza nilijaza mpaka karibu na juu, nikaona nimemkirimu. Maskini alikuwa anapanda juu kuvuta pumzi, anapiga miguu, anachoka, anazama. Huyu anataka ngazi. Nikatia kigogo, mawe makubwa, na kipande cha chungu kilichovunjika kama pango. Tangu siku hiyo anapanda mdogo mdogo, anatoa pua, anashuka. Mawe madogo madogo sikuweka, maana huyameza.

Filta ndiyo iliyonitoa jasho. Nilinunua ya tangi mara mbili ya langu, kobe anachafua kuliko samaki. Wiki ya tatu nikaona sifongo ya ndani imekuwa kahawia, inateleza, nikafanya kama mwanamke yeyote wa Kizanzibari mwenye haya na majirani: nikaikosha kwa maji ya bomba mpaka ikang'aa. Siku mbili baadaye maji yakawa kama tui. Yananuka, na Beberu hataki kula. Kumbe lile tope lilikuwa ndiyo mali. Mkojo na kinyesi cha kobe vinatoa amonia, inamchoma macho na ngozi. Kuna bakteria wanaoibadilisha kuwa nitriti, wengine wanaibadilisha tena kuwa nitrati isiyo kali, na wote hao makao yao ni lile tope la sifongo. Mie nimewaua kwa klorini ya bomba, wote, asubuhi moja. Ni kama kuchukua chungu kilichokolea mafuta miaka kumi ukakisugua kwa mchanga, ukashangaa chakula kinaungua. Ilichukua wiki tano kurudi sawa, nabadilisha maji kila siku kidogo kidogo. Sasa sifongo nasuuza kwenye ndoo ya maji yale yale ya tangi, na maji mapya natia dawa ya kuondoa klorini kwanza. Kila wiki natoa kama robo, natia mengine. Maji ya London yana chokaa nyingi, kioo kinafanya ukungu mweupe juu kama birika. Huo nafuta kwa siki, kwa kitambaa, maji yakiwa yameshuka.

Taa. Shoga yangu aliniambia, taa ya nini, mweke dirishani aote jua. Kwanza, jua gani? Pili, miale anayoihitaji kwa ajili ya gamba na mifupa haipiti kwenye kioo cha dirisha. Kuna taa maalumu ya UVB. Inaendelea kuwaka ikiwa imeshakwisha nguvu, huwezi kujua kwa macho, kwa hiyo mie nabadilisha kila mwaka na tarehe nimeiandika kwa kalamu kwenye kishikizo. Pembeni ana ubao mkavu wenye taa ya joto, pale pafike kama nyuzi 30. Maji nyuzi 24, hita ina kifuniko ili asiigonge. Wenziwe wengine wanapanda kuota kila siku. Beberu nimemkuta juu ya ubao labda mara kumi tangu aje. Lakini ubao unabaki.

Chakula nilikosea pia, kwa kudeka. Dukani wanauza uduvi mkavu kwenye kopo, na kopo lina picha ya kobe anayecheka. Nikasema uduvi! Hiki ndicho kitu ninachokijua, harufu ya soko la Darajani hii. Nikampa uduvi mtupu mwezi mzima. Kobe wa uduvi mtupu ni kama mtoto wa biskuti mtupu. Wakikosa vitamini A macho yao huvimba mpaka yakafunga. Yeye hakufika huko, mtu wa kituoni alinionya kwa wakati. Sasa anapata chakula cha punje cha kobe, nyungunyungu wa bustanini kwa rafiki asiyenyunyiza dawa, kome kidogo, na konokono wadogo wa maji. Konokono ndiyo karamu yake. Anamkaribia polepole, anasimama, shingo inatoka kama mshale, halafu unasikia *kwa!* Anatafuna na ganda. Namtilia pia kipande cha ule mfupa mweupe wa dome, ndugu yake ngisi, tuliokuwa tukiuokota ufukweni tukiandikia sakafu. Anaumung'unya, anapata chokaa. Analishwa siku moja, ya pili anapumzika. Atakwambia kwa macho kwamba hajala tangu Mapinduzi, usimwamini.

Nikisema ukweli, kilichonifanya nimpende ni usiku. Mie nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu za usiku nne kwa wiki, na siku za mapumziko mwili haujui kuwa ni mapumziko. Saa nane nipo macho, wote wamelala. Beberu naye ndiyo kaamka, kobe hawa hutembea magharibi na usiku. Nazima taa kubwa, nakaa na chai ya tangawizi. Yeye anapita ukuta mmoja mpaka mwingine, anachungulia chini ya kila jiwe, anarudi, anaanza tena, kama mlinzi anayetingisha makufuli ya maduka. Akifika kioo cha upande wangu anasimama. Najua anangoja nyungunyungu. Lakini saa nane za usiku, Disemba, London, mtu hahoji sana nia ya anayemtazama.

Nyinyi mlioko nyumbani mnaoniandikia kwamba mmeona kobe wa maji bwawani au kwenye dimbwi la masika bara, mumtie ndoo: mwacheni. Huyo ni wa kwetu, anayekunja shingo kwa ubavu badala ya kuirudisha ndani, dimbwi likikauka anajifukia topeni kungoja mvua. Naye ananuka vizuri tu, msidhani mtakwepa. Wanyamapori wana sheria zao, kwa Kenya ulizeni KWS, shirika la wanyamapori, kabla ya kugusa kitu. Na mkipata huyu wa kigeni, msije mkamtupa mtoni akiwachosha.

Jambo ambalo sikulipima vizuri ni umri. Jamii hii ikitunzwa inaweza kupita miaka 50. Yeye sasa ana kama minane, mie arubaini na moja. Mume wangu alisema tumwandike kwenye wasia, tukacheka, halafu hatukucheka.

Nilipokuwa darasa la tano skuli walitupeleka kisiwa cha Changuu kwa boti. Wale kobe wakubwa pale wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na migongoni wameandikwa umri kwa rangi. Nakumbuka nilisimama mbele ya mmoja aliyeandikwa zaidi ya mia, nikampa majani, nikamwamkia shikamoo, wenzangu wakanicheka njia nzima mpaka Forodhani. Kisa hiki nilimhadithia mwanangu, akaja na brashi anataka kumwandika Beberu. Nikamkataza, gamba dogo lile si la kupakwa rangi. Akakata tepu nyeupe, akaandika 6, akaibandika kwenye kioo kwa nje. Siku yake ya kuzaliwa hatuijui, tumeifanya ile aliyokuja, tarehe 11 Januari.

Mwaka huu kabandua 7, kaweka 8. Zile za zamani anazibandika nyuma ya daftari lake la hesabu, na kapiga mstari kwa rula, vyumba vidogo vidogo, mpaka 50. Nimemwuliza daftari likijaa je. Akasema atanunua jingine.